Mvueni Mtoto Kwanza

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kwa ajili ya goti langu. Sikwenda kwa kazi. Kazi niliiacha, na goti hili ndilo marupurupu niliyoondoka nayo. Niliketi kwenye benchi kama mgonjwa mwingine yeyote, na mbele yangu, mlango ukiwa wazi, mmoja wenu, vijana wa udaktari, alikuwa anampima mtoto mchanga. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi likakakamaa. Stetoskopu alikuwa ameiweka juu ya blanketi. Juu ya blanketi! Chini ya blanketi kulikuwa na sweta, chini ya sweta kikwembe, na chini ya kikwembe Mungu peke yake ndiye aliyejua. Kijana akatikisa kichwa taratibu, kwa hekima, kana kwamba blanketi lilikuwa likimsimulia jambo.

Nilivumilia. Kisha nikashindwa.

"Mvue mutoto kwanza," nilisema kutoka kwenye benchi.

Akageuka, akanitazama kwa upole ule mnaowawekea wazee wenye kelele. "Mama, mustari unaanzia kule."

Ndiyo sababu ninawaandikia.

Nimekuwa daktari wa watoto hapa Goma maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimeitumia kusema maneno hayo hayo. Nimeyasema kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kinyarwanda changu kibovu ambacho huwachekesha watu wa Masisi hata wakiwa na msiba. Nimeyasema risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege, nimeyasema majivu ya mlima yakinyesha juu ya mabati kama mchele unaopepetwa. Na kila mwaka mnakuja wapya, stajieri, wanafunzi wa udaktari mnaotumwa kwetu kujifunza kazi kwa mikono, na kila mwaka mnampima mtoto kama mtu anayenunua zawadi iliyofungwa: mnaigusagusa kwa nje na kukisia kilichomo.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia ni akina bibi. Na kweli ni akina bibi. Mji wetu umekaa juu, ziwa linapumua ubaridi asubuhi, na hakuna bibi wa Goma anayeamini kwamba mtoto mchanga anaweza kuvishwa kupita kiasi. Sweta, sweta ya pili, kofia ya sufu, soksi miguuni na soksi mikononi, blanketi, halafu kikwembe cha kumfungia mgongoni. Ukigusa kifungo kimoja tu, bibi anakushika mkono: "Dokta, atapata baridi!" Na ninyi, mliosoma miaka yote ile, mnaogopa. Mnarudisha kifungo. Mnaandika kwamba kifua ni kizuri.

Kulikuwa na stajieri mmoja, ambaye sasa ni mtu mkubwa Kinshasa na kwa hiyo namhurumia simtaji, aliyefuatilia mtoto wa Himbi majira mazima ya mvua, akimweka kwenye mizani na nguo zake zote na kusifu anavyonenepa. Mvua zilipokatika mtoto akakonda ghafla, na kijana wangu akaandika utapiamlo. Nikamwambia mama amvue. Mtoto alikuwa mnene kama andazi. Kilichokonda ni sweta.

Na kulikuwa na ofisa mmoja wa waasi aliyeruka mstari mzima, bunduki begani, mtoto wake amemviringisha ndani ya koti la kijeshi. "Anza na wangu," akaniambia. Nikamwambia sawa, mvue. Akasema bunduki haiwekwi chini, ni amri. Nikamwuliza, "Basi miguu ya mutoto utaishika na meno?" Akina mama kwenye benchi waliinamisha vichwa ili asione wanacheka. Bunduki ikaegemezwa dirishani, na yule ofisa akafungua vifungo vya mwanawe kwa vidole vilivyotetemeka kuliko vyenu siku ya mtihani. Mtoto alikuwa na upele tu. Lakini upele ule haukuonekana mpaka koti liliposhuka.

Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Pasha mikono yako kwanza, isugue au iweke kwapani. Pasha na stetoskopu. Kabla hujamgusa, mtazame akiwa bado kwenye titi, uone kifua kinavyopanda na kushuka. Hapo hajakuogopa, hapo ndipo pumzi yake inasema kweli. Kinywa na masikio acha mwisho, maana ukianza nayo utabaki na kilio peke yake. Na katikati ya haya yote, vua nguo. Zote.

Sasa niwaambie habari za Pasifiki, ambaye aliniudhi kuliko stajieri wote niliowahi kuwa nao.

Mwaka ule mlima ulipasuka na moto wa mawe yaliyoyeyuka ukashuka katikati ya mji mpaka ziwani, na mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa waasi, kwa hiyo tulikuwa na mabwana wawili na wote wawili hawakuwa na huruma. Maabara yetu ilifunikwa na mawe. Tuliokoa vitanda kadhaa, dawa kidogo na kipimajoto kimoja kizuri, tukahamia katika shule moja ya Keshero. Watoto walilazwa kwenye madarasa. Nyuma ya meza yangu kulikuwa na ubao wenye somo la mwisho la mwalimu aliyekimbia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta.

Pasifiki alikuja na stajieri wengine walioweza kufika. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwana wa mama muuza maharage wa mji wa Kiwanja. Alikulia nyuma ya magunia sokoni, na tabia ya soko hakuiacha: hakuweza kupita mbele ya mtu bila kumwuliza ametoka wapi, njia ikoje, mvua imenyesha kwao au bado. Wenzake walikuwa wanamaliza kupima watoto wanne, yeye bado yuko kwa wa kwanza, ameketi kwenye kidawati cha shule, magoti yamefika masikioni, anazungumza na bibi juu ya ng'ombe.

"Pasifiki," nilikuwa nikimwambia, "hapa ni hospitali ao ni soko ya Kiwanja?"

"Nakuja, Dokta."

"Unakuja tangu asubuhi."

"Niko karibu, Dokta."

Hakuwa karibu hata kidogo.

Mtoto aliitwa Shukuru. Alikuwa hajafikisha hata miezi miwili. Alizaliwa baada ya moto, katika siku zile ambazo watu walikuwa wanarudi kutoka ng'ambo ya mpaka na kutoka Sake, wanatafuta mahali palipokuwa nyumba zao. Mama yake, Furaha, alikuwa msichana mwembamba asiyesema. Aliyesema ni bibi, mama wa mumewe, mwanamke wa milima ya Masisi mwenye mabega mapana na rozari shingoni. Sisi wote tulimwita Nyogokuru, bibi kwa Kinyarwanda, na yeye aliniita "mukobwa", msichana, mimi niliyekuwa na mvi.

Walipomleta mara ya kwanza, mtoto alikuwa na homa kali. Alikuwa amelegea, midomo mikavu, utosi umebonyea kidogo, hataki kunyonya. Pasifiki ndiye aliyempima, na kwa hilo nampongeza: alimvua. Ilimchukua muda kama mtu anayemenya kitunguu, Nyogokuru akilalamika kila ganda, lakini alifika kwenye ngozi. Alitazama kila mahali, kitovu, shingo, makwapa, mgongo. Hakuona kitu. Ngozi nyekundu, moto, basi.

Sikilizeni vizuri hapa. Mtoto mdogo kiasi hicho akiwa na homa, hufanyi ushairi. Unamwanzishia dawa za sindano, maana ikiwa ni sumu ya damu au homa ya uti wa mgongo, unaweza kumpoteza kabla hujamaliza kufikiri. Tukamwanzishia. Jioni homa imeshuka, mtoto ananyonya kama mwizi. Tukamaliza dawa, tukamruhusu.

Akarudi. Homa ile ile, midomo ile ile. Tukaanza upya, jioni homa hakuna. Tukamaliza, akaenda. Akarudi tena.

Mara ile ya tatu nilikasirika kweli. Niliukasirikia mlima uliokula maabara yangu, nikawakasirikia waasi waliofunga barabara hadi hakuna dawa iliyopita bila mtu kuomba chake, nikamkasirikia na mtoto mwenyewe, aliyekuwa amelala pale mezani, mdogo kama kiatu, akinishinda. Kuna ugonjwa unaojificha, niliwaza, na mimi sina darubini wala dawa ya rangi ya kuuonea. Bukavu walikuwa na maabara. Meli ilikuwa inaondoka alasiri. Nikasema: huyu anakwenda Bukavu leo, pamoja na mama yake, wakamtoboe mgongo na kutazama maji yake.

Nyogokuru akasimama. "Oya," alisema. Hapana. "Kwa maji ile? Na baridi ile? Mutoto huyu hataingia mu meli."

"Nyogokuru, akibaki atakufa."

"Akienda atakufa. Afazali tumurudishe kwetu."

"Kwetu wapi? Kila mukimupeleka kwenu anarudi amechomeka!"

"Anachomeka sababu ya sindano zako, mukobwa."

Nusura nipige meza. Furaha alikuwa amekaa pembeni, anatazama mikono yake. Na nikajua watafanya nini. Nimeona mara nyingi: unageuka kumhudumia mwingine, ukirudi kitanda kitupu, kikwembe kimeshafika barabarani. Nikamwambia Pasifiki asiwaache, azungumze nao, awashawishi juu ya meli. Kama kuna siku mdomo wake ungeweza kutusaidia, ni ile.

Nilipita baada ya kitambo. Mnadhani walikuwa wanazungumzia meli?

"... na ile mulango ilikuwa ya mbao gani?" Pasifiki alikuwa anauliza.

"Libuyu," Nyogokuru alijibu, anaonyesha unene kwa vidole. "Mume wangu aliinunua yote muzima. Moto ilikuwa pale," akaonyesha ukutani, "na mimi nikatoa mulango. Watu wanapiga kelele, kimbia, mukecuru, bibi kizee, kimbia! Nikawaambia, siachie moto mulango yangu."

"Uliibeba peke yako?"

"Kwa kichwa. Mpaka ng'ambo."

"Yesu."

"Pasifiki!" nilisema. "Meli!"

"Nakuja, Dokta. Na sasa, Nyogokuru, iko wapi ile mulango?"

"Iko kwetu. Ndiyo ukuta."

"Kwetu kule kule? Pa zamani?"

"Juu ya parsele yangu. Nikiacha, mutu mwingine atajenga. Tulipanda juu ya mawe, tukaweka turubai, tuko pale."

Pasifiki alinyamaza. Lile lilinishtua kuliko maneno yake yote, maana sikuwahi kumsikia amenyamaza. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka muuzaji ajue anakitaka:

"Na Shukuru analala wapi?"

"Mahali pazuri," alisema bibi. "Mahali pa moto."

Pasifiki akasimama, akasahau kwamba yupo kwenye kidawati, akainuka nacho. "Dokta," akasema, "twende tuone."

Nilimwambia nina wodi imejaa. Nilimwambia meli haingoji. Nilimwambia daktari hamfuati kila mgonjwa kwenda kuhesabu kuku wake. Akasema, "Dokta, kila mara tunamuvua na anapona. Lakini tunamuvua vya juu tu. Cha chini hatujamuvua."

Mimi sipendi mafumbo kazini, nikamwambia hivyo. Lakini nilichukua kipimajoto. Mtoto tulimwacha na muuguzi, Nyogokuru akatangulia kutuongoza, na Furaha akatufuata bila kuitwa.

Ninyi mliozaliwa baadaye mnaona mawe meusi mjini mnadhani yalikuwa pale tangu Mungu aumbe dunia. Sisi tuliyaona mapya. Yalikuwa yamekauka juu kama ngozi ya uji, lakini ndani bado yalikuwa na moto wao. Miezi ilipita na bado ulikuwa unaweza kuusikia chini ya soli. Watu walianikia nguo pale zikakauka kabla hujamaliza kuzianika. Walipenyeza sufuria kwenye nyufa maji yakachemka. Siku ile mvua ilianza tukiwa njiani, ile mvua yetu ya Goma isiyokuuliza, na uwanda mzima ukaanza kutoa mvuke, mweupe, ukipanda kimya kutoka mahali palipokuwa mitaa, makanisa, na jikoni za watu. Tulitembea ndani ya mvuke huo kama ndani ya pumzi ya mnyama aliyelala. Viatu vyangu vilianza kunuka. Mimi nilikuwa naunguruma njia nzima. Pasifiki alikuwa amempa Nyogokuru koti lake jeupe ajifunike, na yeye akalowa hadi kwenye mifupa.

Kibanda kilikuwa cha turubai, nguzo zimekazwa kwa mawe. Ukuta mmoja ulikuwa mlango, mlango kweli, wa libuyu, na kitasa chake cha shaba bado kinang'aa. Ndani palikuwa pakavu na pana joto tamu la jikoni. Niseme ukweli, baada ya mvua ile nilitamani kukaa.

"Hapa," alisema Nyogokuru, kwa fahari.

Kwenye pembe, mwamba ulikuwa na shimo dogo, kama kiganja kilichokunjwa. Alikuwa amelitafuta mwenyewe, alieleza. Aliupapasa mwamba wote kwa mkono mpaka akaona palipo na joto zuri. Akatandika gunia, akatandika katoni, akatandika kikwembe. Hapo ndipo mtoto alipokuwa akilala mchana kutwa, ndani ya sweta zake, kofia yake na blanketi zake tatu, wakati mama yake akichota maji.

Pasifiki alipiga magoti.  Aliweka mgongo wa mkono chini ya katoni, akautoa upesi. Kisha akaninyooshea mkono, nikampa kipimajoto, akakichomeka chini ya gunia. Tulikitazama wote wanne. Zebaki ikapanda. Ikapita mahali pa mtu mzima wa afya, ikapita mahali pa homa, ikapita mahali ambapo mimi huanza kukimbia, ikaendelea mpaka mwisho wa kioo, ikakosa pa kwenda.

"Nyogokuru!" nilipiga kelele. "Unamupika mutoto! Unamupika kama kiazi!"

Najua. Hivyo sivyo mnavyofundishwa kusema na familia. Nilikuwa nimelowa, viatu vimeharibika, na kwa majuma kadhaa nilikuwa nimemtafutia mtoto ugonjwa ambao ulikuwa umemkalia chini.

 Aliyejibu ni Furaha. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake, na ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Wa kwanza alikufa na baridi," alisema.

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Akaeleza, akiutazama mlango na si sisi. Vita vilipofika kwao Masisi walikimbia kushuka, mvua kama hii, na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Alimsikia akilia, halafu akamsikia amelala, akashukuru amelala. Hawakusimama, maana nyuma walikuwa wanapiga. "Nilipofungua kikwembe kule Sake," alisema, "alikuwa baridi kama jiwe." Akaangalia mahali tuliposimama. "Kama jiwe za kule kwetu," akaongeza.

Nyogokuru alijifuta uso kwa upindo wa koti la Pasifiki. "Hili jiwe lilikula nyumba yangu," alisema. "Lilikula vitanda, lilikula mbuzi zangu. Nikalitazama, nikaliambia, sawa, umekula. Sasa utafanya kazi. Utanipashia mutoto. Huyu hatakufa na baridi." Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua: "Ni mimi nilikuwa namuua?"

 Nilikuwa na maneno mengi ya hasira na hakuna hata moja lililofaa. Pasifiki ndiye aliyeketi chini, juu ya lile jiwe la moto, akavumilia, akasema kama anaendelea na mazungumzo ya asubuhi:

"Nyogokuru, ulifanya vizuri kutafuta joto. Ila hili jiwe halijui kiasi. Halina macho. Wewe uko na macho. Furaha iko na kifua. Mutoto akikaa kwa kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, mama akisikia baridi anamukumbatia, mama akisikia joto anamuachilia. Jiwe linaweza?"

"Haliwezi," alikubali bibi, baada ya kufikiri.

"Na akilala?"

Bibi akatazama pembeni. Pasifiki alikuwa anautazama mlango.

"Oya," alisema bibi.

"Mulango iliyotoka kwa moto mara moja, itatoka mara ya pili."

"Ndiyo ukuta wangu!"

"Nitakutafutia turubai. Tunaiweka juu ya mawe ine, moja kila pembe, upepo unapita chini. Ni kitanda ya libuyu, Nyogokuru. Himbi kule, kwa matajiri, hawana."

Alicheka, yule mwanamke. Machozi bado yako shavuni, akacheka. Tuliung'oa mlango, mimi nikiwa nimeshika upande wa kitasa na kulalamika, na mvua ikaingia ndani yote, na kutoka ziwani tukasikia meli ya Bukavu inapiga honi.

Niliacha iende. Mniulize kama nilikuwa na hakika. Sikuwa. Nilimwambia Nyogokuru wazi: mtoto anabaki Keshero, sindano zake anazimaliza, anakaa kifuani kwa mama yake chini ya macho yangu. Homa ikirudi akiwa pale, au ikirudi akiwa juu ya mlango, hakuna mjadala, ni meli. Alikubali. Na ninyi msichukue hadithi hii mkaenda kumwambia kila mama kwamba homa ya mtoto ni blanketi. Nikisikia mmoja wenu amefanya hivyo nitakuja na goti langu hili hili. Vueni, pimeni, tibuni, halafu mwulizeni mama mtoto analala wapi. Na ukiambiwa "mahali pazuri", nenda ukapatazame.

Shukuru alimaliza dawa, akakaa siku kadhaa bila homa, akaenda kulala juu ya mlango. Niliwaambia wamrudishe baada ya juma, hata kama ni mzima. Nilihesabu kwamba hawatakuja.

Walikuja. Mvua ilikuwa inanyesha, bila shaka. Pasifiki alikuwa ametoka kukimbia uwanjani kuokoa magodoro, amesimama pale mezani analowesha sakafu yangu, meno yanagongana, na koti lake jeupe bado lilikuwa kwa Nyogokuru, ambaye hakuonyesha dalili yoyote ya kulirudisha. Nilifungua kinywa kusema ninachosema siku zote. Sikupata nafasi. Nyogokuru alimlaza mtoto mezani akaanza mwenyewe: kikwembe, blanketi la kwanza, la pili, la tatu, sweta, soksi, kofia. Alivua upesi, kwa ghadhabu kidogo, kama anayenionyesha kwamba hakuna mtu wa kumfundisha. Shukuru akabaki uchi mbele yetu sote, ngozi yake ya kawaida, akirusha miguu hewani, akatukojolea.

Niliweka mgongo wa mkono wangu shingoni kwake. Hakuwa na homa.

"Haya," nilimwambia Pasifiki, maana kazi ni kazi, "sikiliza kifua."

Alikuwa anatetemeka hata stetoskopu inacheza mkononi. Nyogokuru akamtazama kutoka juu mpaka chini, akatoa sauti ile ya ulimi ya kumkaripia mtu, akaliokota lile blanketi la tatu, akamfunika mabegani na kulikaza kifuani kwa nguvu kama anafunga gunia.

"Na huyu," akaniuliza kwa ukali, "mama yake ni nani?"

Ndivyo alivyomsikiliza mtoto yule, jitu refu la Kiwanja lililofunikwa blanketi dogo lenye picha za bata, ameinama, amefumba macho, na stetoskopu aliyoipasha kwapani imelala juu ya ngozi tupu.